Samaki ni wa Chombo

Kila mwaka twatoka Lamu kwa mashua kwenda kuvua, na ugomvi wa kwanza wa safari hiyo huwa ni wa tarehe. Mimi nakaa Mombasa na likizo yangu iko mikononi mwa ofisi. Mwalimu ana mihula ya shule, Daktari ana zamu za zahanati, na Shemeji siku hizi ana duka lisilo na mtu wa kuliangalia. Kila mmoja hutia neno lake kwenye kundi la WhatsApp, tukavutana wiki nzima, na mwisho Nahodha, ambaye muda wote huo alikuwa kimya, huandika: "Mwezi nane. Asiyeweza asije."

Yeye kalenda ya ukutani hana habari nayo. Hutazama mwezi wa angani, na "mwezi nane" kwake ni siku ya nane tangu mwezi kuandama. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji huwa ya bamvua: hujaa sana, hupwa sana, na baina ya hayo mawili hukimbia. Ukitupa mshipi wa ndoana wakati huo chubwi, kile kizito chake, haitulii chini; hukokotwa mpaka ndoana ikanasa kwenye mawe, ukapoteza ndoana, chambo na subira kwa mpigo mmoja. Sisi hatuna nyavu, twavua kwa mshipi, kwa hiyo twataka maji mafu: mwezi saba, nane au tisa, na ukikosa hapo, ishirini na mbili. Tena yawe ni majira ambayo upepo wa kusi umekwisha nguvu na wa kaskazi haujashika. Kusi ikiwa kali, huko nje ya miamba hakuendeki. Kaskazi nayo ikishashika, utakwenda Kiwayu, kisiwa tunakovua, na upepo usoni njia nzima. Na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, tarehe ya mwaka jana haikusaidii kitu mwaka huu. Ikiangukia Ramadhani, basi. Ikiangukia Maulidi, usiitaje kabisa. Mji umejaa wageni, na mtu wa Lamu anayeondoka Lamu wakati wa Maulidi ataulizwa na mamake kulikoni.

Tuko sita. Majina siyataji kwa kuwa wenyewe hawajanipa ruhusa, na hata hivyo chomboni hakuna anayeyatumia. Nahodha nimesoma naye chuoni, yaani madrasa, tangu tukiwa wadogo wa kuchapwa. Mashua ni ya babake, Mzee, na sasa ni yake. Fundi ni wa Matondoni, kijiji cha kisiwani Lamu, seremala wa vyombo, mtoto wa seremala wa vyombo. Daktari si daktari hasa, ni afisa wa kliniki, lakini mjulishe hivyo mgonjwa wa kisiwani saa nane za usiku. Shemeji amemuoa dadangu. Mwalimu ni mtu wa Nyeri aliyeletwa Lamu na serikali kufundisha hesabu, akategemewa kuomba uhamisho baada ya mwaka mmoja, na mpaka leo hajaomba. Mimi ndiye mshika daftari, kwa sababu kazi yangu ni ya uhasibu na hakuna mwingine aliyeitaka.

Watu huniuliza inakuwaje watu wazima, wenye wake, watoto na mikopo, wameweza kuendelea na safari hii miaka yote hii bila kukosana, ilhali vyama vya kuchangiana vinavunjika kila siku na timu za mpira hazimalizi msimu. Wao hudhani ni mapenzi. Mapenzi yapo, lakini mapenzi tulikuwa nayo pia na wengine ambao leo tukikutana njiani twasalimiana kwa kidevu. Mimi nasema ni masharti. Tuna masharti magumu kuliko ya benki, na kila moja lina kisa chake.

Kwanza fedha. Mafuta ya mashini, barafu, mchele, nazi, unga, ndimu, kahawa, tende, maji ya kunywa, chambo cha ngisi cha kuanzia: vyote huandikwa, hugawanywa kwa sita, na fedha hulipwa kabla ya nanga kung'olewa. Hakuna "nitakupa tukirudi". Tukirudi kila mtu ananuka samaki na ana hamu ya mkewe. Hapo hakuna deni linalolipwa.

Njiani sitakaa sana. Ukitoka gati ya Lamu unapita mkondo wa Mkanda, baina ya Manda na bara, na huo una saa zake: maji yakiwa yamejaa unapita, yakiwa yamepwa unakaa juu ya tope ukitazamana na mikoko. Ukishatoka unaiona bandari mpya upande wa bara, pale Magogoni, na makreni yake marefu kuliko minara yote ya misikiti ya Lamu. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa bahari waliyopoteza, na habari hiyo ya fidia ndiyo mazungumzo ya kila mwaka tunapopita hapo. Huanza Manda na huisha Pate. Halafu Faza, Kizingitini, Ndau, na mbele yake Kiwayu, kisiwa chembamba kirefu kama mtu aliyelala ubavu, mgongo kaupa bahari kuu na tumbo kalielekeza bara.

Kuna miaka hatukufika. Baada ya watalii kutekwa Kiwayu na Manda mwaka 2011 upande wote huo wa kaskazini ulinyamaza, na baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 tulikatazwa kuvua usiku kwa muda mrefu. Miaka hiyo tulikwenda Kipungani, au tukazunguka Manda Toto na kurudi jua likiwa bado juu. Samaki walikuwa wachache na barafu ilibaki. Lakini tulikwenda, kwa sababu Mzee alitwambia kwamba safari iliyorukwa mwaka mmoja hupata udhuru wa mwaka wa pili kwa urahisi.

Sharti lililobeba jina la safari ni hili: samaki ni wa chombo. Mshipi ni wako, ndoana ni yako, mkono uliokatika ni wako, lakini samaki akishavuka ubavu wa mashua hana mwenyewe. Ukisema "samaki wangu", unaosha sufuria mpaka Lamu.

Daktari ameosha sufuria nyingi, na mara moja iliyomgharimu hasa ilikuwa ya tewa. Tulikuwa tumetia nanga juu ya mwamba nje ya Kiwayu, asubuhi, maji yamesimama. Changu walikuwa wanakula vizuri, wale wa kudonoa donoa, unawapandisha mmoja baada ya mmoja, mtu anajiona mvuvi. Mara mshipi wa Daktari ukavutwa mara moja tu, kwa uzito, kisha ukakaza kabisa. Asiyejua angesema ndoana imenasa jiwe. Tewa akishachukua chambo hurudi pangoni kwake, na kama hukumng'oa katika ule mvuto wa kwanza, hutanua mapezi na mashavu akajibana humo ndani. Hapo ukivuta kwa nguvu unakata mshipi, na tewa anabaki na ndoana yako.

"Mlegezee!" Nahodha alipiga kelele kutoka tezi, nyuma ya chombo.

"Nikimlegezea ataondoka!"

"Aende wapi? Yuko kwake. Mlegezee!"

Daktari akalegeza. Bila kuambiwa, sote tukapandisha mishipi yetu ili isije ikafungana na wake. Tukakaa. Fundi akamenya chungwa. Daktari alikuwa ameushika mshipi kwa vidole viwili, jicho kalifumba, hasemi. Huenda ikawa ilipita robo saa, huenda ikawa nusu; baharini muda hupimwa kwa mgongo unavyouma. Kisha akasema polepole, "Ametoka," na akavuta. Shemeji akaruka kumsaidia, mimi nikaruka kumsaidia Shemeji, chungwa la Fundi likaenda majini, na alipotokea juu, mwili wa kahawia wenye madoadoa na mdomo unaoweza kumeza kichwa cha mtoto, Daktari akainua mikono miwili mbinguni: "Samaki wangu! Wallahi samaki wangu huyu!"

Kicheko kilisikika Mkokoni, kijiji cha ng'ambo upande wa bara. Na sufuria aliziosha.

Mtu wa nje anaweza kuona hilo ni mchezo wa kitoto. Mimi nimeona vyombo ambavyo kila mvuvi huweka samaki wake mguuni pake. Siku ya pili wanaanza kutazamana. Siku ya tatu mmoja anakaa tezi na mwenzake anakaa omo, mbele kabisa, na anayekosa kabisa huanza kuona makosa kwenye upishi. Kwetu, asubuhi ile watu watano walipandisha mishipi yao wakati changu bado wanakula, na hakuna aliyehesabu alichokosa, kwa kuwa hakuna chake kilichopotea.

Jioni huwa ni mafungu. Tunatandika tanga kuukuu mchangani, samaki wote wanamwagwa. Nahodha hutoa kwanza fungu la chombo, litakalouzwa kwa ajili ya matengenezo. Kisha fungu la Mzee. Kisha kitoweo cha wenyeji wetu pale kijijini, ambao huturuhusu kulala mchangani kwao na kutuonyesha kisima. Wanaobaki hupangwa mafungu sita, kila fungu na mkubwa wake na wadogo wake, changu na pono na puju, na mtu hukata huyu na kuongeza yule mpaka macho yote yaridhike. Halafu mmoja wetu hugeuka akatupa mgongo. Mwingine hunyoosha kidole: "Hili la nani?" Aliyegeuka hutaja jina bila kuona. Hili la Fundi. Hili la Mwalimu. Hakuna kuchagua, hakuna kubadilishana mbele ya watu. Samaki wa siku za mwanzo wanaingia kwenye barafu, na barafu ikianza kuisha tunawapasua, tunawatia chumvi, tunawaanika wawe ng'onda. Dadangu anapenda ng'onda ya Kiwayu kuliko samaki mbichi, na nadhani kuliko mimi.

Nimemtaja Mwalimu kama kwamba amezaliwa chomboni. Haikuwa hivyo. Safari yake ya kwanza alitapika toka Mkanda hadi Faza, na kwa sharti la mgeni alikuwa pia ndiye mfua maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo, kwa hiyo alikuwa anafua na kutapika, anafua na kutapika, na hakulalamika. Fundi akaniambia kando, "Huyu atarudi." Tulichokuwa hatukijui ni kwamba alikuwa mvuvi tangu utoto, ila wa samaki ambaye sisi hatukuwahi kumsikia. Kwao, katika mito ya baridi inayoshuka kutoka milima ya Nyandarua, kuna trauti.

Alipooa, sote tulipanda kwenda Nyeri kwa harusi, na kesho yake akatupeleka mto Gura. Ilibidi kwanza tukate kibali, jambo lililomshangaza Nahodha: kibali cha mto! Maji yalikuwa meupe juu ya mawe na baridi yake ilituingia mpaka kwenye meno. Mwalimu alitueleza kwamba samaki hao si wa asili ya Kenya; mwaka 1905 Mwingereza mmoja, Ewart Grogan, alileta mayai yao kutoka Scotland na kuyatia katika mto huo huo, na hapo Kiganjo kuna mahali pa serikali wanapozalishwa mpaka leo. Trauti hukaa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, anangoja mto umletee chakula. Anaona kivuli. Anasikia mguu ukikanyaga jiwe. Kwa hiyo mvuvi wake hutembea peke yake, kwa kunyata, na chambo chake ni kijidudu cha bandia kilichofungwa kwa manyoya juu ya ndoana ndogo kama punje ya mchele.

Nahodha alikigeuza geuza kile kijidudu kiganjani. "Hii twayo," alisema. Na kweli tunayo: ukirambaza kwa ajili ya sehewa, manyoya meupe ya kuku kwenye ndoana ndiyo chambo chenyewe, ila huko kwetu yanaburutwa nyuma ya chombo chenye watu wanaopiga soga. Akajaribu. Tukaambiwa tusiongee. Watu watano wa Lamu wasiongee! Baada ya muda mfupi Shemeji akapiga chafya, Mwalimu akafumba macho kwa uchungu, na trauti wote wa Gura, kama walikuwapo, wakaenda zao.

"Samaki huyu anataka mtu mpweke," Nahodha alisema tulipokuwa tunarudi kwenye gari.

Mwalimu alicheka, lakini baadaye aliniambia kwamba ni kweli, na kwamba ndiyo sababu mwanzoni mashua yetu ilimchosha. Si mawimbi. Maneno. Alikuwa amezoea kuvua ili anyamaze. Nilipowaeleza wenzangu, Fundi ndiye aliyetoa rai: Kiwayu, baada ya sala ya alfajiri, Mwalimu na fimbo yake ya kuvulia waachwe waende ufuo wa nje peke yao, na asiwepo wa kumfuata wala kumuuliza amepata nini. Akirudi kahawa iko tayari. Limekuwa sharti kama masharti mengine. Anarudi wakati mwingine na kolekole mdogo, mara nyingi mikono mitupu, na siku zote uso umemkunjuka. Nimesafiri na watu waliodhani kwamba urafiki ni kutoachana hata kwenda haja. Siku mbili tu, wamechokana.

Jambo moja zaidi kuhusu mto ule. Gura huingia Sagana, Sagana ni Tana, na Tana inamwagika baharini Kipini, chini ya Lamu. Nahodha alipolijua hilo alimwambia Mwalimu, "Basi weye hukuletwa na serikali. Umeletwa na maji." Mwalimu analirudia neno hilo kila anapotambulishwa kwa mtu mgeni, mpaka tumelichoka.

Mara moja tu nilidhani tutavunjika, na ilikuwa kwa sababu yake huyo huyo. Miamba tunayovua ni ya Mzee. Si kwa hati, ila yeye ndiye aliyeipata, na alimfundisha mwanawe kuipata kwa alama: mnazi fulani ulioinama unaupandisha juu ya ncha ya mchanga, na upande wa pili unangoja kilima cha bara kiachane na kisiwa, alama mbili zikikaa pamoja, tia nanga, uko juu ya nyumba ya samaki. Elimu hiyo haisemwi barazani. Siku moja nikamwona Mwalimu ametoa simu, anatia alama ya mahali tulipo kwenye ramani. Hakuwa na nia mbaya; mtu wa hesabu akiona nukta huitafutia namba. Nahodha aliona pia. Hakusema kitu mchana kutwa, na Nahodha asiposema kitu mchana kutwa hata nazi huchelewa kuiva kwenye sufuria.

Usiku, baada ya kula, alisema kwa sauti ya kawaida: "Mwalimu, ule mwamba babangu alimnyima ndugu yake."

Basi. Mwalimu angeweza kusema mengi: kwamba siku hizi kila mtu anatumia simu, kwamba asingempa mtu, kwamba yeye si mwizi. Alitoa simu, akampa Nahodha, akamwambia, "Futa wewe mwenyewe, nisije nikasema nimefuta." Nahodha hakuipokea. Akasema ifutwe na mwenyewe. Ikafutwa mbele yetu sote, kahawa ikapita, na Daktari akaanza kisa cha mgonjwa aliyekuja zahanati na ndoana kwenye sikio. Tangu siku hiyo tuna sharti kwamba hakuna picha ya samaki inayopigwa ikiwa ardhi inaonekana nyuma. Ndiyo maana picha zetu zote zina mbingu tupu, na watu wa Mombasa hufikiri tunavua hewani.

Kilichofuata ndicho kilichonishangaza. Miaka ilipita, magoti ya Mzee yakakataa chombo na macho yakaanza kumwachia. Halafu, katika kusi moja kali, ule mnazi ukaanguka. Nahodha alikwenda kumpa habari kama mtu anayepeleka tanzia. Mzee alinyamaza, akauliza hali ya kilima, akaambiwa kilima kipo. Kisha akasema, "Mwitie Mwalimu. Kabla kile kingine hakijaanguka, awatilie miamba yangu ndani ya ile simu." Siku hizi alama zote zimo kwenye simu moja, ya chombo, inayokaa kwa Nahodha, na aliyezitia zote kwa mkono wake ni mtu wa Nyeri. Mzee aliniambia sababu nilipokwenda kumsalimia: "Mtu aliyekubali kufuta ndiye wa kuandikiwa."

Nimebakisha habari ya Shemeji, na nimeomba ruhusa yake kuieleza. Mwaka mmoja hoteli aliyokuwa akifanya kazi ilifunga, wafanyakazi wakaambiwa wangoje simu. Simu haikuja. Safari ilipokaribia, mchango wake ukawa haujaingia, na kwenye kundi akawa anasoma tu, hajibu. Mimi na Daktari tukapanga kumlipia kimya kimya. Fedha zenyewe hazikuwa nyingi, na dadangu asingejua. Nahodha akakataa kabisa. "Mkimlipia atakuja kama mgeni," alisema. "Mgeni mwaka wa pili huona haya."

Wakati huo mashua ilikuwa imepandishwa Matondoni, inataka kalafati upya, yaani kuzibwa pamba baina ya mbao, ubavu mzima, na kupakwa deheni, mafuta na chokaa, chini. Fundi alikuwa peke yake na kazi imemzidi. Basi alikwenda kwa Shemeji, na hapa naona busara ambayo mimi na daftari langu tusingeifikia. Hakumwambia habari ya mchango wala ya safari. Alimwambia, "Shemeji, nina mashua ya watu sita na mikono miwili." Shemeji akaenda Matondoni akakaa huko siku kadhaa, anasokota pamba, anaipigilia baina ya mbao, anapaka sifa, yale mafuta ya samaki, akarudi nyumbani na harufu ambayo dadangu anaikumbuka hadi leo. Mimi nikaandika daftarini ujira ambao Fundi angemlipa kibarua yeyote, nao ulizidi mchango. Kile kilichozidi tukamrudishia taslimu mbele ya watu, na akakipokea kwa kukihesabu. Hakukuwa na asante.

Safari hiyo hakukaliki naye. Ukiweka mguu mahali, "Angalia kalafati yangu!" Ukidondosha chubwi, "Unajua nimepiga pamba ngapi hapo?" Maji ya ngama yalipopungua kuliko miaka yote, alikuwa anatuonyesha kopo tupu kila saa. Kesho yake akaanza kusema "mashua yangu", na hapo ikabidi tujadiliane kama hilo nalo lina adhabu ya sufuria. Tukaamua halina.

Mambo mazito, kusema kweli, husemwa usiku, chombo kiko nangani na kila mtu ana mshipi majini. Nadhani ni kwa sababu macho yana pa kutazama. Usiku mmoja Daktari alitueleza habari ya mama aliyemfia mikononi, wakingoja boti ya kumpeleka mjini. Alieleza yote, polepole, mshipi mkononi. Hakuna aliyesema "ndiyo mipango ya Mungu", ingawa sote twaamini hivyo. Fundi alimjazia kahawa. Shemeji alimuuliza kama bado ana chambo. Tukaendelea kuvua, na mafungu ya kesho yake yalikuwa madogo kuliko kawaida, na hakuna aliyelalamika kwamba ni madogo.

Mwaka huu ubishi wa tarehe umekwisha mapema na umezuka mwingine. Kijana wa Fundi amemaliza kidato cha nne na anataka kuja. Kwa masharti yetu mtu wa saba haingii bila wote sita kukubali, maana mafungu yatapungua na mahali pa kulala ni pale pale. Mwalimu anasema apewe nusu fungu na ngama yote, kama yeye alivyoanza. Mimi na Shemeji tumekubali. Daktari anasitasita, anasema kijana akipata ajali mbele yake hatajisamehe. Lakini anayekataa kwa nguvu zaidi ni Fundi mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia, "Mwanangu akiwepo, nitakuwa baba siku zote hizo. Mimi naenda kule kupumzika na ubaba." Nahodha kwa upande wake anakumbusha kwamba yeye alichukuliwa na Mzee akiwa mdogo kuliko huyo, na kwamba Mzee naye alilalamika hivyo hivyo mpaka Kizingitini, kisha akasahau.

Nimempigia Fundi mara mbili wiki hii. Bado anasema hapana. Huku nyuma kijana hakungoja jawabu. Nasikia ameshahamia Matondoni, anashinda chini ya mashua akisokota pamba, na Shemeji amefunga duka kwa siku mbili ili aende kumkagua.